Sarafu ya Tembo Isipimwe kwa Mizani Tu

Hivi karibuni huko Kanazi, Bukoba, mzee mmoja alinifungulia kitambaa alichorithi kwa marehemu baba yake. Ndani mlikuwa na simbi chache, fedha ya Wahaya wa zamani, na sarafu moja ya dhahabu.

"Mwanangu," aliniuliza, "sonara anataka kuipima aiyeyushe. Nami nadaiwa karo ya chuo ya mjukuu. Niiuze?"

Niliigeuza. Upande mmoja palikuwa na tembo mbele ya milima, mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili, tai wa Ujerumani. Kwa alama zake, ni rupia 15 ya Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikaadimika, na watu hawakuziamini noti za karatasi. Ndipo dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba, ilipopelekwa Tabora ikapigwa sarafu katika karakana ya reli. Zilitengenezwa 16,198 tu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliuteka mji.

Uzito wake ni gramu 7 na ushee, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Sonara hulipia dhahabu hiyo peke yake. Mkusanyaji wa sarafu hulipia na historia yake, hivyo bei yake huwa kubwa zaidi. Ikishayeyushwa, hasara hiyo haina dawa.

Basi, wewe uliye na urithi kama huo, usiisugue sarafu ili ing'ae, maana utaipunguzia thamani. Za bandia zipo. Ionyeshe kwanza kwa wataalamu wa makumbusho, kisha usikie bei ya wanunuzi zaidi ya mmoja. Na kama ni ya kale zaidi, mfano reale ya mzinga, fedha ya Kihispania iliyotumika pwani, ambayo nguzo zake mbili watu waliziona kama mizinga, kumbuka Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 haviuzwi bila kibali.

Mzee alikifunga kitambaa chake polepole. "Mjukuu na aijue kwanza," alisema. "Akishaijua, tutaamua pamoja."