NYUMBANI KWETU: Daftari la Mama Watoto

 

Mwezi huu nataka kuzungumza nawe juu ya daftari. Sisemi daftari la darasani. Nasema daftari la nyumbani. Ni daftari dogo tu, na kalamu moja. Wewe unayesoma mstari huu unaweza kuwa nalo, kwa sababu unajua kusoma, kuandika na kujumlisha.

Wazee walisema: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mimi nilikuwa nikiitaja methali hii mara nyingi mbele ya watu. Lakini nyumbani kwangu hapakuwa na daftari. Sasa nitakueleza jinsi nilivyoaibika, na jinsi aibu ile ilivyotusaidia.

UGOMVI WA SUKARI

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa Juni. Mahindi yalikuwa yamevunwa. Kihenge kilikuwa kimejaa, nasi tulikuwa na furaha.

Binti yetu mkubwa alikuwa darasa la saba. Tulijua kwamba akifaulu, Januari ataingia kidato cha kwanza. Tangu mwaka 2016 shule za sekondari za serikali hapa Tanzania hazitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini sare, viatu, madaftari na begi ni kazi ya mzazi. Tulipiga hesabu. Tulihitaji shilingi 90,000. Hatukuwa nazo.

Nikasema, "Tuuze magunia mawili ya mahindi."

Mama watoto akajibu, "Baba watoto, sasa kila mtu anauza. Bei iko chini. Januari tutanunua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu. Na Januari ndiyo wakati wa jembe. Tutalima na njaa?"

Alisema kweli. Nami kwa kuwa sikuwa na jibu, nilikasirika. Nikasema, "Basi fedha za nyumba hii zinakwenda wapi? Ni sukari yako na mafuta yako ya kupikia!"

Mama watoto hakugombana nami. Mwaka ule alikuwa amejifunza kusoma na kuandika katika darasa la jioni. Akachukua daftari la mtoto lililobaki kurasa nyeupe. Akasema, "Tuandike mwezi mzima. Kila shilingi inayotoka, yangu na yako. Kisha tusome pamoja."

Nilikubali upesi. Nilidhani nitashinda.

TULICHOSOMA

Kila jioni baada ya kula tuliandika. Yeye alisema alichotumia, nami nilisema nilichotumia. Mwezi ulipokwisha tulijumlisha. Ukurasa wetu ulikuwa hivi:

Sukari, robo 12 kwa shilingi 800: 9,600
Mafuta ya kupikia: 8,000
Sabuni: 4,000
Chumvi na kiberiti: 1,400
Salio la simu ya baba: 6,000
Soda siku ya gulio, mara 4: 4,000
Chai na vitumbua vya baba kibandani, siku 30 kwa shilingi 500: 15,000
JUMLA: shilingi 48,000

Mama watoto alisoma kwa sauti. Alisoma polepole huku kidole chake kikifuata mstari. Alipofika mstari wa mwisho alisoma hivi: "Cha-i. Na vi-tu-mbu-a. Vya ba-ba." Watoto walinyamaza. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, alicheka mpaka akafuta machozi.

Ndugu msomaji, mstari mkubwa kuliko yote ulikuwa wangu. Sukari ya watu sita kwa mwezi mzima ilikuwa shilingi 9,600. Chai yangu peke yangu ilikuwa shilingi 15,000. Kila siku nilitoa shilingi 500 tu, nikasema ni kitu kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

Nilimwomba radhi mke wangu. Haikuwa rahisi, lakini nilimwomba.

HATUKUACHA YOTE

Nilisema, "Basi kuanzia kesho siendi tena kibandani." Mama watoto akasema, "Hapana. Ukiacha yote kwa siku moja, utarudia yote kwa siku moja. Nenda siku ya gulio. Siku nyingine kunywa chai hapa."

Hilo ni jambo la hekima, nami nataka ulishike. Mtu anayejinyima kila kitu hachelewi kuchoka. Katika daftari lako acha mstari mmoja wa starehe. Uwe mdogo, lakini uwepo.

Hesabu yetu mpya ilikuwa hivi. Chai ya kibandani mara 4 kwa mwezi ni shilingi 2,000. Kwa hiyo tuliokoa shilingi 13,000. Salio la simu tulilipunguza kutoka shilingi 6,000 hadi 4,000. Hapo tuliokoa shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Kutoka Julai hadi Desemba ni miezi 6. Zidisha mwenyewe. Utapata shilingi 90,000.

Sukari nayo tuliacha kununua robo robo. Robo nne kwa shilingi 800 ni shilingi 3,200. Kilo moja nzima dukani ilikuwa shilingi 3,000. Tulinunua kilo tatu kwa mwezi tukabakiza shilingi 600. Hiyo 600 ndiyo iliyoongeza sukari ya kikombe changu hapa nyumbani.

Fedha tuliyookoa hatukuiacha mfukoni. Fedha ya mfukoni ina miguu. Tulinunua kibubu. Kila jioni nilitia humo shilingi 500 mbele ya watoto. Siku ya gulio, na siku nilipokosa fedha, sikutia kitu, na tuliandika kwamba sikutia. Mwisho wa mwezi tulitimiza pungufu kwa fedha ya mayai. Kijijini kwako huenda kuna kikundi cha kuweka na kukopa. Hapo pia ni mahali pazuri pa akiba, mradi kila mwanachama ana kitabu chake na anakisoma.

CHAI YA NYUMBANI

Sasa nikuambie jambo ambalo halikuandikwa katika daftari.

Asubuhi ya kwanza nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Mama watoto alichuma mchaichai ulioota karibu na bafu, akautia katika chai. Alinipa na kiazi kitamu cha kuchemsha. Mtoto mdogo akaja akakaa kati ya magoti yangu, akavunja nusu ya kiazi changu. Mama watoto akaniambia kwamba kuku mweusi amelalia mayai tisa. Binti yangu akaniambia kwamba hesabu za sehemu zinamshinda.

Kumbe kila asubuhi mambo haya yalisemwa nami sikuwapo! Nilikuwa kibandani nikisikiliza habari za watu wengine.

Nilijiuliza, je, nilikwenda kibandani kwa sababu ya chai? Hapana. Nilikwenda kwa sababu ya watu na mazungumzo. Basi nilimwambia mzee jirani yangu aje jioni tucheze bao chini ya mwembe. Alikuja, na wengine wakaja. Bao ni la mti, na kete ni mbegu za komwe. Hatulipi kitu. Mzee hunifunga karibu kila siku.

Mama wa kibandani aliniuliza, "Baba, ulisafiri?" Nikamweleza ukweli. Alisema, "Hata mimi nina mtoto wa shule. Nenda kaandike, lakini siku ya gulio usinisahau." Sijamsahau.

MAHARAGE YA BIBI

Mama yangu hajui kusoma. Lakini katika kubana matumizi yeye ni mwalimu. Siku moja aliniambia, "Ninyi mnaandika fedha. Je, kuni mmeandika?" Kweli, kuni hatuzinunui. Lakini mama watoto na binti yetu walizifuata mbali, na mtoto aliyechoka hasomi vizuri.

Mama yangu hupika maharage namna hii:

1. Jioni huyachagua, huyaosha na kuyaloweka katika maji mengi.
2. Asubuhi humwaga maji yale, na kutia maji mapya.
3. Hutumia kuni kavu zilizopasuliwa vipande vyembamba. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto dogo.
4. Hufunika chungu. Chungu kisichofunikwa hupoteza joto.
5. Maharage yakiiva, huondoa kuni na kuzizima. Huzitumia tena kesho.

Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema kuliko makavu. Tulipofuata njia ya mama, mzigo wa kuni ulikaa siku nyingi zaidi kuliko zamani. Binti yetu akapata nafasi ya kusoma zile hesabu za sehemu.

Mama yangu pia husugulia sufuria kwa majivu, na sabuni hubaki kwa nguo na kunawa mikono. Maji ya kunywa yaliyochemshwa huyatia katika mtungi wa udongo na kuufunika. Maji kidogo hupenya katika udongo na kukauka kwa upepo, na yanapokauka huchukua joto. Ndiyo maana maji ya mtungi ni ya baridi hata saa nane mchana. Ukitoka shamba, hakuna soda inayoshinda kikombe kile.

USIBANE HAPA

Ndugu msomaji, kubana matumizi si ubahili. Mwekevu huweka ili watu wake wapate. Bahili huweka na watu wake wanakosa. Kwa hiyo usibane mahali hapa:

Usibane sabuni ya kunawa mikono. Usibane chumvi yenye madini joto. Usibane chakula cha mtoto mdogo wala cha mama mjamzito. Usibane chandarua. Mtoto akiwa na homa, usingoje ili kuokoa nauli. Mpeleke zahanati upesi.

Na wewe baba, sikiliza. Usichukue daftari ukaandika matumizi ya mke wako tu. Daftari la namna hiyo huleta ugomvi. Daftari la nyumbani huandika watu wote, na la kwanza kuandikwa liwe tumizi lako.

JANUARI

Binti yetu alifaulu. Siku tulipovunja kibubu, sote tulikaa kwenye mkeka tukahesabu. Zilikuwa shilingi 90,000 kamili. Mama watoto alihesabu mara mbili, nami nilihesabu mara mbili.

Tulinunua sare, madaftari na begi. Viatu tulinunua vikubwa kidogo, ili avivae mwaka mzima. Alitia kitambaa mbele ya vidole. Asubuhi ile alinywa chai ya mchaichai pamoja nasi, kisha akaondoka. Bibi yake alisimama njiani mpaka alipopotea machoni.

Mahindi yetu yalikuwa bado kihengeni. Tulilima tukiwa tumeshiba.

Jioni sasa ni hivi. Tukimaliza kula, tunaandika daftari. Kisha mama yangu husema, "Kitendawili!" Watoto hujibu, "Tega!" Taa yetu ndogo ya sola hushinda juani mchana na kutuangaza usiku. Mama watoto husuka ukili wa mkeka mpya. Wakati mwingine mtoto hutusomea gazeti hili. Furaha hii haina mstari katika daftari, kwa sababu hatuilipii.

ANZA LEO

Chukua daftari. Chora mistari ili upate sehemu tatu. Ya kwanza andika tarehe. Ya pili andika kitu. Ya tatu andika fedha. Andika kila jioni, hata kama ni shilingi 100. Usifiche. Baada ya mwezi mmoja jumlisha, kisha someni pamoja, baba, mama na watoto wakubwa. Tafuteni mstari mmoja tu wa kupunguza. Mmoja unatosha kuanzia.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU NYUMBANI

1. Mama watoto alikataa kuuza mahindi mwezi wa Juni. Kwa nini?
2. Ni kitu gani kidogo unachonunua kila siku? Kwa mwezi ni shilingi ngapi?
3. Kuna tofauti gani kati ya mwekevu na bahili?
4. Taja furaha tatu za nyumbani kwako ambazo hazigharimu fedha.

Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba. Nami saa hizi naitwa. Mzee amekwisha panga kete chini ya mwembe. Tuonane mwezi ujao.