Kura Zetu na Ndoa Zetu

Jamaa zetu, wapenda mabadiliko hapa Uingereza hutanguliza hospitali, nyumba na mishahara. Hayo ni mambo ya haki. Lakini sisi tuongeze moja: haki ya mtu kukaa na mkewe au mumewe. Mwaka 2012 serikali iliamuru kuwa anayetaka kumleta mwenziwe kutoka ng'ambo awe na pato la pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 2024 ikapandisha hadi 29,000. Mfagiaji wa hospitali atazipata wapi? Ndoa isiwe ya wenye nacho tu. Raia wa Tanzania na Kenya wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa kupiga kura, kwani nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Basi jiandikisheni, na mgombea akibisha hodi, swali hili liwe la kwanza.