Mwanao hachezi na kompyuta

Wazazi wenye watoto wanaosomea uuguzi hapa Uingereza huniuliza swali lilelile kila tukikutana msibani au harusini: huyu mtoto kutwa yuko kwenye kompyuta, kuuguza atajifunza lini?

Mwanafunzi wa uuguzi hapa anatakiwa kukamilisha saa 2,300 za mazoezi ya kazi kabla ya kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC. Katika hizo, chuo kinaruhusiwa kutumia hadi saa 600 kwa mazoezi ya kuigiza: mdoli anayepumua na mwenye mapigo ya moyo, au mgonjwa wa kwenye skrini. Kwa hiyo akikwambia yuko kazini, nawe unamwona sebuleni, huenda anasema kweli.

Faida kubwa naiona kwenye hesabu za dawa. Mtihani huo lazima apate asilimia 100. Asilimia 99 ni kufeli, na mimi naona ni sawa kabisa. Daktari ameandika miligramu 75, dawa ina miligramu 50 katika kila mililita moja: unavuta mililita 1.5. Nukta ikipotea inakuwa 15, na hapo unazungumzia uhai wa mtu. Programu humrudishia mwanafunzi hesabu za namna hiyo hata mara mia, usiku wa manane, bila kumcheka. Kwa watoto wetu wanaoona haya kuuliza mbele ya darasa kwa sababu ya lafudhi (na ni wengi kuliko tunavyodhani), hilo si jambo dogo.

Lakini mimi husimamia wanafunzi wodini, na kuna kitu nakiona. Mmoja alinisomea vipimo vya bibi mmoja kutoka kwenye tableti: presha, joto, mapigo, vyote vizuri. Nikamwambia aiweke chini, amtazame bibi mwenyewe. Bibi alikuwa amekunja uso, mkono kauficha ndani ya blanketi. Tulipoufunua, umevimba pale ilipoingia dripu. Hakutaka kutusumbua, alisema. Kwenye tableti hapakuwa na pa kuandika kwamba bibi amenyamaza.

Kenya, kuanzia 2005, AMREF na wenzake waliwawezesha wauguzi wenye cheti kusomea diploma kwa kompyuta huku wakiendelea na kazi vituoni mwao. Wale walikuwa wamewashika wagonjwa kwa miaka, kilichobaki ni masomo. Watoto wetu wanaanza upande wa pili, na ndiyo maana nisingependa zile saa 600 ziongezwe.

Kwa ndugu wanaokuja wakiwa wauguzi tayari, mpangilio unafanana. Mtihani wa kwanza ni wa kompyuta, na unaweza kuufanya kabla hujasafiri. Wa pili, OSCE, ni wa vitendo, na hufanyika hapa hapa Uingereza. Msitumie nguvu zote kwenye ule wa kwanza.

Na wewe mama, mtengee meza na intaneti isiyokatika. Akirudi zamu, usianze na alama alizopata. Muulize leo kamhudumia nani, na alijuaje kwamba anaumwa wapi.