Mkoba wa Kazi: Tuyasikilize Manung'uniko ya Wanafunzi

Mwanafunzi wa lugha arudishiwapo insha yake, kwanza huitazama alama, kisha huikunja. Masahihisho tuliyoyaandika kwa wino mwekundu hayasomi. Kwa sababu hiyo twautetea mkoba wa kazi, yaani jalada ambamo mwanafunzi hukusanya insha zake, huziandika upya, kisha huchagua zilizo bora ili zipimwe pamoja.

Wazo hili si geni kwetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali kazi zake za kila siku zihesabiwe pia. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, walimu Peter Elbow na Pat Belanoff waliweka mkoba wa insha mahali pa mtihani wa kuandika katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York.

Hata hivyo, wanachuo wetu wa somo la Kiswahili hunung'unika, na manung'uniko yao yana msingi. Mmoja husema kuwa kazi ni nyingi na alama ni zile zile. Mwingine huuliza kama aliyesaidiwa na kaka yake hatampita asiye na wa kumsaidia. Wa tatu huogopa kupimwa na mkufunzi aliyekwisha kumchukia.

Hofu hizi zina dawa. Kule Stony Brook, insha moja ya mkobani iliandikwa darasani bila msaada, na mkoba ulisomwa na mwalimu asiyemfundisha mwanafunzi huyo. Nanyi mtakapokuwa shuleni, walimu wa Darasa la Tano A na B waweza kubadilishana majalada. Kuhusu wingi wa kazi, insha nne zilizoandikwa upya zafaa kuliko kumi zilizoandikwa mara moja na kusahauliwa.

Sisi wenyewe tulianza kwa kukosea. Tuliyakusanya majalada mwisho wa muhula tu, tukayatia alama na kuyarudisha. Ndipo mwanachuo mmoja alipotuambia: "Nilidhani mnataka kuona nilivyokua, kumbe mlitaka kuona nilivyojaza." Neno lile lilituchoma, nalo lilikuwa kweli. Tangu hapo twayasoma majalada katikati ya muhula pia, bila alama, huku mwenye jalada ameketi kando yetu akieleza alichobadili na sababu yake.

Mwalimu asiye na nafasi ya mazungumzo hayo na asianzishe mkoba. Atakuwa ameongeza mzigo wa karatasi tu.