Dawa ya deni ni kulipa. Sisi tulilipa, mbona mifereji mikavu?

Mama yangu huamka saa tisa usiku kukanda unga wa mahamri. Kabla hajawasha jiko hutoka nje, hufungua mfereji na kusikiliza. Ukikoroma hewa tu, anajua faida ya siku hiyo imeshapungua na hata hamri la kwanza halijaingia kwenye mafuta.

Tunaishi kwenye ploti hapa Malindi, upande wa Barani. Vyumba ni vingi, mfereji ni mmoja. Kodi yetu ni Sh4,500 kwa mwezi, na juu yake kila mpangaji hutoa Sh300 za maji. Ukichelewesha hizo 300, mwenye nyumba atakukumbusha kwa sauti ambayo ploti nzima itaisikia. Kwa hivyo tunalipa. Maji yakija tunalipa, yasipokuja pia tunalipa.

Sasa nipigie hesabu nami. Tuko watu watano, na kuna biashara ya mahamri na mbaazi. Tukijibana sana tunatumia mitungi sita ya lita 20 kwa siku. Mtungi ni Sh20, hiyo ni Sh120 kwa siku. Mfereji ukikauka mwezi mzima, ni Sh3,600. Juzi uhaba ulipozidi, mtungi ulipanda hadi Sh30. Wiki mbili tu zikatumeza Sh2,520, zaidi ya nusu ya kodi ya nyumba, na zile 300 za mwenye nyumba bado zikatoka. Nilimuuliza, "Mzee, hizi ni za maji gani?" Akanijibu kwamba yeye pia hulipa. Naamini hulipa. Hapo ndipo penye utata wote: kila mtu hapa analipa, na maji hayapo.

Na hiyo mitungi sita si anasa. Ni lita 120 kwa watu watano, yaani lita 24 kwa kila mtu, tena hapo sijatoa maji ya mahamri. Umoja wa Mataifa unasema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili aishi kwa afya na usafi. Sisi hatufiki hata nusu ya kile kiwango cha chini, na bado pochi inalia.

Kuna jambo ambalo vijana wengi hatulioni kwa sababu tunanunua maji kidogokidogo. Mitungi 50 ni lita 1,000, ambayo kwenye bili ndiyo uniti moja. Kwa Sh20 mtungi, uniti hiyo mimi nainunua Sh1,000. Kwa Sh30, ni Sh1,500. Hakuna kampuni ya maji ya umma nchini inayoruhusiwa kumtoza mteja wa nyumbani bei kama hiyo kwa uniti moja. Kwa maneno mengine, anayeishi ploti ya mfereji mkavu ananunua maji ghali kuliko mwenye jumba la kifahari lenye tangi kubwa juu ya paa, linalojaa siku maji yanapotoka. Mnyonge ndiye anayetozwa bei ya tajiri.

Tafadhali, tusimlaumu kijana wa mkokoteni. Anayetuletea sisi nilisoma naye shule ya msingi. Mkokoteni si wake, huulipia kila jioni apate asipate. Maji nayo huyanunua, kisha huyasukuma kwenye mchanga na jua la Malindi. Bei ikipanda huko anakochota, naye atapandisha, la sivyo alale njaa. Tatizo halianzii kwake.

Linaanzia wapi basi? Sehemu kubwa ya maji ya mfereji tunayotumia Malindi hutoka kwenye visima vya Baricho, kule Lango Baya, vilivyochimbwa kwenye mchanga wa Mto Sabaki. Maji hayo hayategemewi na Malindi peke yake. Yanafika Kilifi, yanafika hadi Mombasa. Lakini hayateremki yenyewe. Lazima yasukumwe kwa pampu, na pampu hunywa stima.

Fuata pesa yako sasa. Wewe unailipa kampuni ya maji ya kaunti. Kampuni hiyo inatakiwa ililipe CWWDA, shirika la serikali linalouza maji ya jumla huku Pwani. Shirika hilo nalo linatakiwa lilipe bili ya stima kwa Kenya Power. Mahali fulani kwenye mnyororo huo pesa hukwama. Kwa hivyo zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, Kenya Power imekata stima Baricho kwa sababu ya madeni ya mamilioni ya pesa. Pampu zikanyamaza, na mifereji ya waliolipa ikakauka sawasawa na ya wasiolipa.

Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa. Sasa mbona sisi tuliokunywa hiyo dawa ndio tunaougua?

Tazama vile mambo yalivyo ukiwa mdogo. Tokeni zikiisha usiku, unakaa gizani. Hakuna wa kukusikiliza ukisema wageni wamepungua, kusi limeingia, hoteli zimefunga na kibarua kimeisha. Bili ya maji ikilala, unakatiwa, na ukitaka kurudishiwa unalipa ada juu ya deni. Sheria kwetu ni kali na haina msimu. Lakini taasisi zikishindwa kulipana, hakuna meneja anayekaa bila maji ofisini, wala hakuna anayetozwa ada ya kunirudishia mimi maji yangu. Wanaitana mkutanoni, wanakubaliana kulipa polepole, wanapiga picha, stima inarudi. Zile Sh2,520 za mama hazirudi.

Wengine watasema hayo ndiyo maisha, tuzoee. Sikubali, na Katiba yetu ya 2010 pia haikubali. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama, tena ya kutosha. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na huduma hiyo, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro zake. Na kabla hujasema hayo ni ya wenye maduka, kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba kinahusu pia huduma zinazotolewa na mashirika ya umma. Kwa hivyo mama wa mahamri si muomba msaada. Ni mteja.

Haki huhitaji ukweli wa pande zote, kwa hivyo na tuseme na yetu. Wapo majirani waliojiunganishia maji kwa njia ya panya. Wapo wenye ploti wanaokusanya 300 za kila mpangaji na bili bado inalala. Kampuni za maji nchini pia zimelalamika mara nyingi kwamba taasisi za umma zenyewe ni miongoni mwa wadaiwa sugu. Na ripoti za WASREB, mdhibiti wa huduma za maji, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa nchini hayaingizi hata senti, ama kwa sababu ya mabomba yanayovuja, ama wizi, ama mita mbovu. Stima nayo ni ghali. Yote hayo nayakubali. Lakini hayo ni sababu za kufungua vitabu, si za kuvificha. Kama pesa zangu zinavujia njiani, nionyesheni bomba linapovuja.

Ninachotaka ni mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila mwezi tuonyeshwe hesabu rahisi: kampuni ya maji imekusanya kiasi gani, imelipia maji ya jumla kiasi gani, na deni limebaki ngapi. Ibandikwe ukutani ofisini kwa Kiswahili, mahali ambapo mtu aliyekuja kulipa bili ataisoma akiwa kwenye foleni.

Pili, ratiba ya mgao itangazwe mtaa kwa mtaa, na ifuatwe. Mama yangu akijua maji yatakuja Jumanne, atajaza mapipa Jumanne. Kinachotula pesa si uhaba peke yake, ni kutojua.

Tatu, siku za ukavu zihesabiwe kwenye bili. Kama mimi natozwa kwa kuchelewa, na huduma ikichelewa nami nipunguziwe. Na wenye nyumba wafanye vivyo hivyo: mfereji ukikauka wiki mbili, ile 300 isitoke nzima.

Sasa sisi vijana. Tunajua kupiga kelele mtandaoni, na kuanzia Juni 2024 nchi nzima inajua kwamba kelele zetu zina uzito. Lakini maji ya mtaani hayataletwa na hashitegi ya siku mbili. Kuna silaha nyingine ambayo wengi hatujaigusa: Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Inamruhusu raia kuandikia ofisi ya umma kuomba habari, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kuwasilisha ombi ni bure. Ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Ikikunyima, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Huhitaji wakili wala suti.

Vilevile, bei ya maji ikitaka kubadilishwa, sheria inataka wananchi waulizwe maoni. Mikutano hiyo tunawaachia wazee, kisha bei ikipanda tunashangaa kijiweni. Twende. Tukifika tusikae nyuma kusubiri soda. Tuulize deni la Baricho liko wapi, na shilingi niliyolipa mwezi jana iliishia mkononi mwa nani.

Kila uchaguzi ukikaribia, malori ya maji huonekana mitaani yakiwa na picha ya mtu ubavuni, na sisi hupanga mitungi na kushukuru. Lori la maji si sera. Ni mtungi wa Sh20 uliovalishwa fulana ya kampeni.

Mimi nimeanza na kidogo nilicho nacho. Wiki iliyopita nilikaa mezani pa mama baada ya wateja wa asubuhi kuisha, nikaandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Nimeuliza maswali matatu tu: mmekusanya ngapi, mmelipa ngapi, mnadaiwa ngapi. Niliipeleka mwenyewe, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri. Karani aliisoma, akanitazama, akauliza, "Wewe ni wa chama gani?" Nikamwambia mimi ni wa ploti yenye mfereji mmoja.

Akagonga muhuri. Nakala nimeibandika ukutani juu ya jiko, na mama kila alfajiri anatia alama ya mkaa kando yake. Leo ni siku ya nane.