Ufa Uulizwe Kwanza, Ndipo Uzibwe

Wazee walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Neno hili ni la kweli, wala sina nia ya kulipinga. Lakini naona siku hizi twalishika nusu. Ufa ukionekana bwenini, huitwa fundi na karai lake la simenti. Huuziba, hupaka rangi, na watu husema kazi imekwisha. Masika yakipita, ufa umerudi pale pale, tena mpana zaidi. Fedha zimepotea, na hatari haikuondoka, ilifichwa tu.

Ufa husema asili yake kwa mtu mwenye kutazama. Nyufa nyembamba kama utando, zilizo katika lipu peke yake, mara nyingi zatokana na lipu iliyokauka upesi mno. Hizo haziangushi nyumba. Lakini ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, ni habari nyingine: yamkini msingi umeshuka. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, yaelekea pembe ya nyumba ndiyo inayozama. Ukiwa mpana chini, yaelekea ni katikati. Ufa ulionyooka juu ya nguzo ya zege, wenye madoa ya kahawia, ni kazi ya kutu, kwa maana nondo ikishika kutu huvimba na kulipasua zege. Unyevu nao una njia yake. Ukianzia chini na kuacha chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukianzia juu, tazama paa.

Ukisha kuutazama ukuta, toka nje. Pengine utakuta mfereji wa bati umevunjika, na maji ya paa zima yanamwagika penye msingi wa pembe ile ile yenye ufa. Hapo dawa ya kwanza ni mfereji, wala si simenti.

Tujihadhari pia tusitoe hukumu upesi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la nguvu ya 5.9 liliipiga Bukoba, likasikika hata huku kwetu Uganda. Watu walikufa, nyumba nyingi zikaanguka, na majengo ya Shule ya Sekondari ya Ihungo yakaharibika vibaya. Msiba wa namna hiyo ukitokea, ni rahisi kila ufa kuhesabiwa kuwa wa tetemeko. Lakini ufa mpya kingo zake ni kali na safi; wa zamani una vumbi, utando wa buibui, au rangi iliyoingia ndani. Tetemeko huongeza ugonjwa uliokuwapo, na asiyetofautisha mambo haya atatengeneza jipya na kuliacha la kale liendelee kula.

Sisemi kila mwanafunzi awe mhandisi. Ishara moja yaweza kuwa na sababu mbili, na neno la mwisho ni la mtaalamu. Lakini kushika kalamu ya risasi, kutia alama mwisho wa ufa na kuandika tarehe, kila mmoja wetu aweza. Ufa ukivuka alama, jengo bado linakwenda. Hapo mwalimu aambiwe siku hiyo hiyo. Na kama milango nayo imeanza kukwama, vitanda vihamishwe kwanza, maneno yafuate.

Nanyi ndugu zetu mliomaliza shule, mnaotuchangia fedha za ukarabati, twawashukuru sana. Ombi langu ni moja: kabla ya kununua rangi, ulizeni sababu ya ufa imeandikwa wapi, na nani ameichunguza. Kama hakuna jibu, shilingi za kwanza zimlipe mtu wa kulitafuta. Rangi yaweza kungoja mwaka mmoja. Ukuta ulio juu ya vichwa vya watoto waliolala haujui kungoja.