*MTARO PEKE YAKE NI NUSU YA KAZI*

Ndugu wanachama na wananchi wote wa Chake Chake,

Masika yanakaribia na maneno ya mitaro yameanza tena. Tawi letu linaunga mkono mitaro ijengwe. Lakini tunasema wazi: mtaro unahamisha maji, hausafishi.

Mji wetu umekaa vilimani. Mvua ikinyesha, maji hushuka mabondeni na kuishia horini, kwenye mikoko. Nyumba nyingi zinatumia makaro. Ardhi ikishiba maji, karo hufurika na uchafu wake hufuata njia ile ile ya mvua. Tukijenga mtaro tu, tutaufikisha uchafu huo haraka zaidi kwa wenzetu wa bondeni, kwenye mpunga na visima, na kwa wanaookota chaza pwani.

Hili si jambo la harufu tu. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, na watu 51 walifariki. Tangu hapo kimerudi mara kadhaa.

Mradi wa huduma za miji (ZUSP), ulioanza 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga mitaro mikubwa Unguja Mjini. Miji ya Pemba ilipata kazi ndogo zaidi. Mkopo huo ni deni la umma, kwa hiyo tunachodai ni haki, si hisani.

Wapo wanaosema tuanze na mitaro, makaro baadae. Hatukubaliani. "Baadae" hiyo haina fungu wala tarehe.

Tunaliomba Baraza la Mji:

1. Michoro ibandikwe kila shehia, ioneshe kila mtaro unaishia wapi.
2. Litengwe eneo la mabwawa ya kusafishia maji machafu, ili gari ya kunyonya makaro iwe na pa kumwaga.
3. Fungu la kuzibua mitaro litoke kabla ya mvua, si baada ya mafuriko.

Na sisi wananchi tuna wajibu. Anayetoboa karo usiku wa mvua likamwagikia mtaroni anamdhuru jirani yake. Akiwa mwanachama wetu, tawi halitamtetea. Taka nazo zisitupwe mtaroni.

Ujumbe huu mfikishieni sheha na diwani wenu, na mkutano wa shehia ukiitwa, twendeni kwa wingi.



_Idara ya Uenezi, Tawi_